Breki Isiyoacha Alama

Kwenye chuo cha udereva walimwita Ticha Legeza, kwa sababu hilo ndilo neno alilolisema kuliko hata salamu. Legeza mikono. Legeza mabega. Usukani si shingo ya kuku, hautakukimbia. Watu walifika kwake wakitetemeka kama wanakwenda kung'olewa jino, na baada ya wiki tatu walitoka wakiendesha kwa mkono mmoja na kumpigia honi za mbwembwe. Miaka kumi na moja alikaa kiti cha kushoto katika gari dogo lenye kibao juu ya paa, mikono juu ya mapaja, mguu wa kulia ukinyemelea breki ya pili, ile anayowekewa mwalimu upande wake ili mwanafunzi akipagawa gari lisimame.

Alikuwa mtu wa maneno mengi na hasira chache. Alirudi nyumbani jioni akimsimulia mkewe vituko vya siku hiyo: mama mmoja aliyefumba macho kila alipopishana na lori, mzee aliyesema "samahani" kwa kila tuta. Mkewe, ambaye tangu wapate mtoto mtaa mzima ulimwita Mama Bonge kwa sababu ya mashavu ya yule binti, alicheka mpaka maziwa yakamtoka. Hivyo ndivyo nyumba yao ilivyokuwa. Vyumba viwili, sakafu ya saruji, dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, na kicheko.

Kisha ikaja ile Jumamosi.

Ticha alitoka na gari lao wenyewe, gari la zamani la rangi ya chai ya maziwa, kwenda kuchukua kabati walilopewa na shangazi. Alimchukua shemeji yake amsaidie kubeba. Huyo shemeji ni kaka yake Mama Bonge, kaka yake wa pekee, mtu wa miaka thelathini aliyeitwa Mapepe kwa kuwa hakuweza kukaa kwenye kiti mpaka kikapata joto. Wawili hao walipendana kwa kutaniana. "Shemeji, umenenepa, dada yangu anakulisha nini?" "Shemeji, we umekonda, nani anakunyima?" Ticha alikuwa na shemeji huyo mmoja tu duniani.

Walisimama kituo cha mafuta. Ticha anakumbuka harufu ya petroli, anakumbuka kifuniko cha tangi kikizungushwa, krr, krr. Baada ya hapo anakumbuka dari ya hospitali. Katikati hapana kitu, kama ukurasa uliochanwa.

Wengine ndio waliomwambia. Gari lilitoka barabarani kwenye kona ya tangi la maji, likabiringika mara tatu, likalala chali shambani. Watu waliokuwa wakilima walikimbilia, wakavunja vioo, wakawavuta wote wawili na kuwalaza kwenye majani. Askari alipofika, Mapepe alikuwa ameshakata roho, na hakuna aliyekumbuka nani alitolewa upande upi. Wala hakuna aliyeuliza. Mmoja mwalimu wa gari, mwingine hana hata leseni ya baiskeli. Ungeuliza nini?

Kisigino cha kulia cha Ticha kilikuwa kimepasuka kama sahani. Daktari aliinua picha kwenye mwanga akasema, "Mguu huu ulikanyaga breki kwa nguvu zote." Askari aliyepima barabara naye akasema lake: lami ilikuwa safi. Hapakuwa na alama ya tairi hata ya urefu wa kiganja.

Maneno hayo mawili ndiyo yaliyomwondolea Ticha usingizi na utani. Amekanyaga mpaka mfupa umevunjika, na gari halikushika. Na breki zile alizifunga yeye mwenyewe, Jumapili iliyotangulia, amelala chini ya gari, mkewe akimpa spana.

"Kwa hiyo ni mikono yangu," alimwambia Mama Bonge. "Ama iliyofunga breki, ama iliyoshika usukani. Nataka tu kujua mikono yangu ilifanya nini."

Miezi minne ilipita. Kisigino kikaunga vibaya-vibaya, akawa anatembea na fimbo. Barua ikaletwa: Ijumaa ya wiki ya pili afike kituo cha polisi, kitengo cha barabarani, aandike maelezo na kuyatia sahihi. Afande aliyeileta alikuwa mstaarabu, alimweleza wazi. Ukiandika uliendesha na hujui kwa nini gari lilitoka, hiyo ni kesi ya uzembe uliosababisha kifo. Chuo nacho kilikuwa kinasubiri karatasi hiyo hiyo.

Na kulikuwa na Bibi, mama yake Mama Bonge. Alikuja kila Jumanne kumwona mjukuu. Alikaa kwenye kigoda akimpa mkwewe mgongo, akamchana nywele mtoto, akaondoka. Miezi minne hakumtazama usoni hata mara moja. Ticha alimwamkia kila alipofika, na kila mara Bibi aliitikia akiutazama mlango.

Daktari wa viungo ndiye aliyesema mguu unahitaji kukanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia, mara mia kwa siku. Jirani yao, Fundi Redio, akalidaka neno hilo mlangoni.

"Ticha, dawa yako ninayo. Mimi naenda kufunga minara ya simu huko mbali, mwezi mzima sipo. Nakuachia mashine yangu. Ina usukani, ina pedali tatu, kila kitu."

"Gemu?" Ticha akakunja uso. "Mimi nicheze katuni?"

"Si katuni, mzee. Waliotengeneza hili wamepima mpaka raba ya tairi inavyojikunja kwenye kona. Ukiongeza upepo utasikia. Ukipakia mzigo utasikia. Ukikata kona kwa pupa linakutupa nje bila salamu."

"Litanitupa wapi, nimekaa sebuleni?"

"Ndiyo uzuri wake. Unakufa, unakunywa chai."

Fundi Redio alicheka, kisha akakumbuka yuko nyumba gani, akajishughulisha na nyaya.

Wakafunga usukani kwenye ukingo wa meza, pedali chini, televisheni mbele. Siku ya kwanza Ticha alisonya tu. "Hili gari linateleza kama sabuni. Halina uzito. Ona, nimekata kona na pua haijainama. Gari lolote ukilikanyagia breki linasujudu, hili limesimama wima kama polisi wa gwaride." Mama Bonge, akimnyonyesha mtoto kwenye mkeka, alifurahi kumsikia akilalamika. Ilikuwa miezi hajalalamika.

Siku ya pili akagundua kuna ukurasa wa kurekebisha gari. Upepo wa kila tairi. Ugumu wa kila shokapu. Breki zikamate zaidi mbele au nyuma. Usukani uwe na mchezo kiasi gani kabla magurudumu hayajaitika. Hata uzito unaweza kuupanga, kilo kwa kilo, mbele, nyuma, kushoto, kulia. Ticha akaomba daftari.

Mama Bonge aliishia darasa la saba, lakini mwandiko wake ulikuwa mzuri, basi yeye ndiye akawa karani. Mumewe aliendesha akiwa amefumba macho nusu, akisikiliza kwa makalio, kama alivyozoea kusema, kisha akatamka: "Shokapu ya nyuma kushoto, legeza vidole viwili. Ile yetu ilikuwa imechoka." Akaandika. "Usukani, ongeza mchezo. Letu ulizungusha hivi ndipo likasema naam." Akaandika. Tairi la mbele kulia lilikuwa linavuja kidogo kidogo, wakalipunguzia upepo. Wakatafuta barabara ndani ya gemu, wakapata moja ya milimani yenye kona inayokunja kushoto huku ikiteremka. Ticha akasimamisha gari pale akatazama kwa muda mrefu.

"Toa ule mlima," alisema taratibu, "weka tangi la maji. Ndiyo yenyewe."

Siku ya tano gari lilipoondoka, Mama Bonge aliinua kichwa. Sauti ilikuwa ya gari la kigeni, rangi ilikuwa nyekundu, lakini ule mtikisiko mdogo kwenye gia ya pili, ule mnyumbuko kama wa mtu mwenye kiuno kibovu, aliujua. Amekaa ndani yake na mimba ya miezi minane. Gari lao lililouzwa chuma chakavu lilikuwa linatembea kwenye kioo.

"Umelisikia?" Ticha akauliza bila kugeuka.

"Nimelisikia."

Kuanzia hapo hakufanya mazoezi ya mguu tena. Aliendesha kwenda kwenye kona ile. Alishusha pazia mchana ili mwanga usipige kioo, na sebule ikawa na rangi ya maji machafu. Akaharibu breki kwa kila namna gemu iliyoruhusu: zikamate kwa kuchelewa, zikamate upande mmoja, zikamate nusu. Na kila mara alipokanyaga, matairi yalilia, na nyuma ya gari zikabaki alama nyeusi kwenye lami. Mara hafifu, mara ndefu, lakini zilibaki. Breki zikiwa zinashika hata kidogo, kama zilivyoshika pale kituo cha mafuta, hakuna namna ya kukanyaga kwa nguvu na lami ikabaki safi.

"Haiwezekani," alisema. "Mfupa umevunjika, Mama Bonge. Niliikanyaga. Ilikwenda wapi?"

Akaanza kuongea peke yake, au ndivyo alivyodhani mkewe aliyekuwa jikoni. Ilikuwa sauti ya kazini, ile ya upole isiyo na haraka. "Taratibu. Vizuri. Tazama mbali, usitazame boneti." Kisha kimya kifupi, kama anangoja mtu aitikie, kisha: "Safi." Mama Bonge akachungulia. Mumewe alikuwa ameshika usukani mwenyewe, hakuna mtu.

Jumatatu, akifagia, aliona kiti kimesogea. Miguu yake ilikuwa imechora mistari minne mipya kwenye saruji, kuelekea kushoto, upana wa kiganja. Akakirudisha mbele ya usukani. Jumanne asubuhi kilikuwa kimesogea tena, zaidi. Siku ya Jumatano Ticha alikuwa akiendesha amejinyoosha kama mtu anayechota maji kwenye pipa la jirani, mkono wa kulia tu ndio uliofika kwenye usukani.

"Mbona umekaa pembeni hivyo?"

"Pembeni ya nini?"

"Ya usukani."

Akautazama usukani, akamtazama mkewe. "We ndiye unayeusogeza ukipangusa meza," alisema, na hakuwa anatania. Usukani ulikuwa umekazwa kwa skrubu nne.

Na mtoto naye. Bonge, miezi tisa, alikuwa ameanza kukaa mwenyewe, na alipokalishwa kwenye mkeka gari likitembea, hakumtazama baba yake wala kioo. Alitazama pale palipobaki wazi, kulia kwa baba yake, nyuma ya usukani, kwa kimo cha uso wa mtu aliyekaa. Akacheka kile kicheko cha kumwona anayemjua. Akanyoosha mikono abebwe. Usukani wa mashine ile una mota ndani, hujirudisha wenyewe ukitoka kwenye kona, na Mama Bonge alijua hivyo kwa kuwa Fundi Redio alimweleza. Lakini mchana ule, Ticha alipouachia afute jasho, aliuona ukijirudisha polepole, ukitetemeka kidogo, kama ulioshikwa na mtu asiye na uhakika. Alimbeba mtoto akatoka nje kwenye jua.

Kibaya zaidi kilikuwa marudio. Gemu ile, ukishaanguka, inakuonyesha ulivyoanguka, ukiwa nje unalitazama gari likija. Na ndani ya gari hapaonekani mtu. Viti vitupu, usukani unazunguka wenyewe, gari linakuja kwenye kona, linapita moja kwa moja, linaruka. Ticha aliyatazama hayo mara nyingi kuliko alivyoendesha. Alikuwa anatafuta nani yumo.

Alhamisi ilifika, siku moja kabla ya maelezo. Saa tisa mchana Ticha alimwita mkewe.

"Njoo uendeshe wewe."

"Mimi? Mimi hata toroli linanishinda."

"Hapo ndipo ninapokosea. Mimi gari silijui nikiwa nyuma ya usukani. Miaka kumi na moja gari lote nalijua kutokea kushoto. Shika wewe, mimi nisikilize."

Mama Bonge alimfunga mtoto mgongoni akavuta kigoda, akakaa kulia, mbele ya usukani. Ulikuwa wa joto. Kushoto kwake mumewe alikaa wima, mikono juu ya mapaja, fimbo sakafuni, na katika mwanga ule wa pazia alimwona akiwa Ticha wa zamani, akapata simanzi. Pedali zote tatu zilikuwa chini ya miguu yake yeye. Chini ya miguu ya mumewe kulikuwa na saruji tupu.

"Legeza mabega," alisema. "Mafuta kidogo. Kidogo. Ehe. Gia ya pili. Unaona? Halikung'ati."

Gari likaondoka. Usukani uliushika mkono wake kama kiumbe. Uzito wa gari aliusikia ukihama kutoka bega hili kwenda lile, kweli kabisa, mpaka akasahau yuko kwenye kigoda. Barabara ikaanza kuteremka. Nyuma ya mgongo wake mtoto alinyamaza ghafla.

"Tazama mbali. Kuna kona. Ondoa mguu kwenye mafuta."

Aliondoa. Au alidhani ameondoa. Mguu wake, kwa woga, ulikuwa umekaza pale pale, na gari likaongeza kasi. Kona ikaja kama mlango.

"Ondoa mguu. Ondoa. Legeza..."

Mkono wa kushoto wa Ticha ukaruka juu, ukashika hewani, pale ambapo kwenye gari kungekuwa na kishikio cha abiria juu ya dirisha. Mguu wake wa kulia, ule mbovu, ukainuka na kushuka kwenye saruji kwa kishindo kilichotikisa vikombe kabatini.

"Legeza, shemeji! Legeza!"

Kwenye kioo gari lilipita kona bila kupunguza, likaruka. Halikuwa limekanyagiwa breki yoyote. Nyuma yake lami ilikuwa safi.

 Mtoto akaanza kulia. Ticha alikuwa ameushika mguu kwa mikono miwili, uso umemkunjamana kwa maumivu.

"Nani kakwambia ukanyage hivyo," Mama Bonge alisema, kwa sababu alihitaji kusema kitu.

"Umeshindwa kuondoa mguu. Nimekwambia ondoa."

"Ulisema neno jingine."

"Neno gani?"

Alimwangalia. Angeweza kusema hakuna. Hilo lilimpitia, na alilijua hata lilipokuwa linampita: kaka yake amelala kaburini akiwa hana hatia, na ulimi wake ndio ungemtwika kosa au kumwacha hivyo. Alimlegeza mtoto mgongoni, akamtia titi mdomoni.

"Umeniita shemeji."

Ticha alicheka kwa pua. Kisha akaacha. Aliutazama mkono wake wa kushoto, akautazama mguu, akaitazama sakafu ilipokanyagwa. Midomo yake ikawa inafanya hesabu.

"Hapana," alisema mwishowe. "Usinipe zawadi hiyo, Mama Bonge. Kesho naitwa, umenionea huruma, umetunga."

"Nimtungie marehemu? Kaka yangu?"

"Hakujua kuendesha. Nisingempa. Mimi, nimpe mtu asiye na leseni usukani wa gari lisilo na breki ya pili? Mimi?" Sauti ilimpanda. "Kwa sababu gani? Nani angeniambia nifanye hivyo nikakubali?"

Mama Bonge aliinuka. Alivaa kandambili, akamfunga mtoto vizuri, akatoka.

Kwa mama yake ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Alimkuta uani anaanua nguo, vibanio mdomoni. Hata hakumwamkia vizuri. Alisimama upande wa pili wa kamba, shuka limening'inia kati yao.

"Mama, Mapepe alikuwa anajua kuendesha?"

Kivuli cha Bibi nyuma ya shuka kilisimama. Kibanio kimoja kilianguka kwenye mchanga.

"Nani kakwambia?"

Mama Bonge alisukuma shuka pembeni. Alikuwa ameuliza kama kaka yake alijua, ndiyo au hapana. Hakuuliza siri.

"Yeye mwenyewe," alisema, na hakujua anamaanisha yupi kati ya wawili wale.

Bibi akaketi kwenye kizingiti. Hakulia. Alikunja foronya moja mara nyingi mno, mpaka ikawa ndogo kama bahasha.

"Siku ile walikuwa wamesimama kwenye mafuta. Nilimpigia mumeo. Nilimwambia, huyu mwenzio ana miaka thelathini, anabebwa kila mahali kama kifurushi, kazi ya udereva ipo kwa mtu mmoja mwenye lori, anangoja ajifunze tu. Mpe ashike kidogo, njia hiyo haina watu." Akaifungua foronya, akaikunja upya. "Mumeo akasema, mama, gari hili halina breki ya upande wangu. Nikamwambia, we si mwalimu? Akasema, mama, nikikataa utanielewa? Nikasema sitakuelewa."

Mama Bonge alishika kamba.

"Na miezi minne unampa mgongo."

"Nimtazameje, mwanangu? Kila nikiingia ananiamkia. Nasema leo amekumbuka. Leo ataniambia, mama, wewe ndiye. Namsubiri aseme, hasemi. Nikajua anakumbuka, ananihifadhi tu. Nikashindwa kumtazama mtu anayenihifadhi."

"Hakumbuki kitu, mama. Anadhani unamlaani."

Bibi aliinua uso. Huo ndio uso ambao Mama Bonge aliuona kwa muda mrefu baadaye, akiwa anapika, akiwa anafua: uso wa mtu aliyegundua kwamba chumba alichokiogopa hakikuwa na mtu.

Walirudi pamoja, jua likiwa bado lipo. Ticha alikuwa amekaa vile vile, kioo kimezimwa, pazia limefungwa. Bibi hakukaa kwenye kigoda. Alisimama mbele yake, akayarudia maneno yote, ya simu na lile la sitakuelewa, akimtazama machoni tangu mwanzo hadi mwisho. Ticha alimsikiliza kama anasikiliza habari za mtu wa mbali. Mambo hayo hayakumrudia, wala hayajamrudia mpaka leo. Kumbukumbu ilikuwa kwenye mguu tu, kichwani haikupanda.

"Shikamoo, mama," Ticha akasema, Bibi alipomaliza.

"Marahaba, baba," Bibi akaitikia.

Ijumaa walikwenda wote. Ofisi ya afande ilikuwa na meza moja, feni isiyozunguka na benchi. Afande alisikiliza, akauliza simu ilikuwa saa ngapi, akaandika, akatikisa kalamu iliyogoma.

"Na wewe umejuaje kama ulikuwa kushoto, ikiwa hukumbuki?"

Watatu wale wakatazamana. Ungemweleza nini mtu wa serikali? Kwamba gari lililokufa lilifufuliwa sebuleni kwa daftari na kalamu? Kwamba mtoto alikuwa akimchekea mtu?

"Mguu wangu," Ticha akasema. "Daktari alisema nilikanyaga breki. Nilikanyaga sakafu, afande. Ndiyo maana lami ilikuwa safi."

Afande alifungua faili la hospitali, akafungua la barabara, akayaweka sambamba. Akapitisha kalamu kutoka karatasi hii hadi ile. Alipoongea tena sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Basi hapa mambo yanabadilika. Marehemu ndiye aliyekuwa dereva, kosa la kuendesha linabaki kwake. Wewe naandika abiria. Tunakubaliana?"

Bibi aliinamisha kichwa. Mama Bonge alimpapasa mtoto mgongo, haraka haraka, kama mtoto ndiye anayehitaji. Aliutaka mno ule wino ukauke na neno hilo hilo, abiria, waende zao nyumbani.

"Hapana," Ticha alisema. "Sikuwa abiria. Andika mwalimu."

"Ukisema mwalimu, unajua maana yake? Aliyempa usukani asiye na leseni anajibu."

"Najua. Nafundisha hayo darasani, wiki ya kwanza." Akaweka mikono yake juu ya meza, viganja chini, akaitazama kama mtu anayeitambua. "Andika hivi, afande. Gari lilikuwa linaendeshwa na mwanafunzi wangu. Nilimwambia aondoe mguu kwenye mafuta. Alikuwa anajifunza."

Bibi akatoa sauti ndogo, si kilio hasa. Hakuna aliyewahi kumwita Mapepe mwanafunzi wa kitu chochote. Afande akaiandika sentensi ile neno kwa neno, akageuza karatasi, na kwa kuwa Ticha alikuwa amesahau miwani, Mama Bonge ndiye aliyeisoma kwa sauti, kidole chini ya kila neno, mpaka alipofika mahali pa kutia sahihi.